Shajara ya mradi: jenomu ya mitokondria ya mbawakawa mzishi wa Amerika

Juni. Vibali na sampuli

Nicrophorus americanus, mbawakawa mzishi wa Amerika, ana urefu wa milimita 25 hadi 45. Ni mweusi wa kung'aa, ana madoa ya rangi ya machungwa mgongoni, na ngao iliyo nyuma ya kichwa chake ni ya rangi hiyo hiyo, alama ambayo ndugu zake wengine wa Amerika Kaskazini hawana. Huzika mzoga wa ndege au mnyama mdogo, hasa wa gramu 80 hadi 200, kisha dume na jike hulea watoto wao pamoja humo humo ardhini. Zamani alienea katika majimbo 35 ya Marekani na kuvuka hadi kusini mwa Kanada. Alipoorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 1989, makundi yaliyojulikana yalikuwa mawili tu: la kisiwa cha Block Island, Rhode Island, na la mashariki mwa Oklahoma. Baadaye wengine walipatikana Arkansas, Nebraska na kwingineko nyanda za kati, na mwaka 2020 alihamishiwa daraja la spishi iliyo tishioni. Daraja limebadilika, ila kumkata hata kidole bado kunahitaji kibali cha serikali ya shirikisho, na mfu naye hachukuliwi ovyo.

Mradi unasoma jenomu ya mitokondria, yaani DNA ndogo ya duara iliyo ndani ya viungo vya seli vinavyozalisha nishati, na unataka kujua mambo mawili. Kwanza, ukoo wa mama wa Block Island umetengana kiasi gani na ule wa nyanda za kati. Pili, wale waliochomwa pini kwenye makumbusho, kutoka majimbo ambako hawapo tena, walikuwa wa ukoo upi. Kipande cha cox1, jeni moja ya mitokondria, cha besi (herufi za DNA) 658 kinachotumika kutambulisha spishi hakitoshi kwa hilo. Ndani ya spishi moja huenda kikatoa tofauti mbili tatu au kisitoe hata moja. Mduara mzima wa mitokondria, wenye jeni 37, unatoa besi zaidi ya mara 20 ya hizo. Mbawakawa waliorudishwa Nantucket kuanzia mwaka 1994 walitoka Block Island, kwa hiyo anayepanga kurudisha kundi jingine mahali pengine ana sababu ya kutaka jibu hili.

Sampuli ni za aina tatu. Kwa mbawakawa hai tunakata vipande viwili vya mwisho vya kidole cha mguu wa kati, basi. Miguu ya mbele ni ya kuchimbia na vipapasio haviguswi kamwe: rungu lililo mwishoni mwa kipapasio ndilo pua yake, na akilikosa hapati mzoga, hapati mtoto. Tunachukua kwa madume kila inapowezekana. Mitokondria hurithiwa kwa mama, kwa hiyo dume ana mitokondria ile ile aliyo nayo dada yake, na jike anaachwa na viungo vyake kamili. Kuwatofautisha si kazi: mtazame usoni, juu ya mdomo. Doa la machungwa la dume ni kubwa na lina pembe nne. La jike ni dogo, la pembe tatu.

Aina ya pili ni waliokufa wenyewe katika makundi ya kufugwa. Hawa wana thamani kubwa kwa sababu wanatoa misuli ya kifua, na misuli hiyo imejaa mitokondria. Aina ya tatu ni mguu mmoja mkavu wa sampuli ya makumbusho, unaotolewa baada ya kupiga picha mdudu na lebo zake zote.

Vidole huingia kwenye kichupa cha mililita 2 chenye ethanoli ya asilimia 96. Kifua kinahitaji ethanoli ya angalau mara kumi ya ujazo wake, nayo hubadilishwa baada ya saa 24, kwa sababu maji ya mwilini huizimua na vimeng'enya vinavyokata DNA vikabaki na nguvu. Kisha friza, nyuzi 20 chini ya sifuri.

Julai. Utitiri na chambo

Hapa ndipo kazi hii inapotofautiana na ya mdudu mwingine yeyote. Mbawakawa mzishi hatembei peke yake. Amebeba utitiri wa jenasi Poecilochirus, wa rangi ya kahawia hafifu, wanaomtumia kama usafiri kutoka mzoga hadi mzoga, na wakifika hula mayai ya nzi. Hujibana chini ya mabawa magumu, katikati ya miguu na shingoni. Kila mmoja ana mitokondria yake. Utitiri mmoja aliyenasa kwenye manyoya ya kidole anaweza kuchangia DNA nyingi kuliko kidole chenyewe, ambacho sehemu kubwa ni gamba na kano.

Juu yake kuna chambo. Ndoo ya mtego hutiwa nyama iliyooza, mara nyingi panya wa maabara, na mbawakawa hukesha akiikanyaga. Mitokondria ya panya nayo ina jeni 37 na ukubwa unaokaribiana. Programu ya kuunganisha vipande vya DNA ikikuta vya panya vya kutosha itafunga mduara safi kabisa, wa mnyama usiyemtafuta.

Usafishaji tunaofuata: kidole kinatazamwa kwa hadubini ya kukuza mara 20, kinapigwa brashi laini iliyolowa ethanoli pande zote, halafu kinaingia kwenye hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 0.5 kwa sekunde 30, maji safi mara mbili, na ethanoli mara moja. Mahali kilipokatwa pana jeraha wazi, ndiyo maana sekunde ni 30 na si dakika 5. Dawa ikiingia ndani inakula DNA unayoitaka. Miguu ya makumbusho haitiwi dawa hiyo kabisa, kwani gamba lake lina nyufa. Yenyewe husafishwa kwa brashi na maji tu.

Tumeamua pia kutoa DNA ya utitiri na kuisoma kwa makusudi, kwenye kichupa chake. Kujua sura ya mchafuzi ni rahisi kuliko kumkisia baadaye.

Agosti. Kutoa DNA

Misuli ya kifua haina shida. Miligramu 10 za misuli, mikrolita 180 za bafa ya kuyeyushia, mikrolita 20 za protinesi K (kimeng'enya kinachokata protini) ya miligramu 20 kwa mililita, nyuzi 56 usiku kucha bila kutikisa kwa nguvu. Sehemu ya sampuli hii itahitajika ikiwa na nyuzi ndefu za DNA, kwa hiyo pipeti hukatwa ncha, na hakuna kuchanganya kwa mashine ya kutetemesha.

Vidole vya mbawakawa hai hufuata utaratibu huo huo, ila gamba linapasuliwa kwa sindano mahali pawili ili protinesi ipite, na DNA hutolewa kwenye kichujio kwa mikrolita 30 badala ya 100. Bafa ya kutolea ipashwe hadi nyuzi 60 na iachwe kwenye kichujio dakika 5 kabla ya kuzungusha. Ukiitoa kwa ujazo mkubwa utapata DNA iliyozimuliwa isiyofaa kwa maktaba, yaani DNA iliyoandaliwa kuingia mashine ya kusoma, na kuikausha ili iwe nzito ni kuongeza chumvi.

Miguu ya makumbusho inafanyiwa kazi kwenye chumba tofauti ambacho hakijawahi kuingia bidhaa ya PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi). Bafa haiuachii mguu alama yoyote: Tris milimola 100 ya pH 8, NaCl milimola 100, CaCl2 milimola 3, SDS (sabuni) asilimia 2, DTT milimola 40 na protinesi K mikrogramu 250 kwa mililita. Mguu mzima unazama humo saa 16 hadi 20 kwa nyuzi 55, kisha unatolewa, unaoshwa kwa ethanoli, unakaushwa na kurudi kwenye pini yake. DTT ndiyo inayofungua vifungo vya salfa katika protini zilizokakamaa, nayo huharibika ikikaa kwenye bafa, kwa hiyo inaongezwa siku ile ile. Bafa hii isiwekwe kwenye barafu. SDS huganda kwenye baridi, inatua kama theluji nyeupe chini ya kichupa na kuziba kichujio.

Historia ya sampuli inaeleza mavuno kuliko umri wake. Mdudu aliyeuliwa kwa ethili asetati hutoa DNA iliyokatikakatika hata kama ni wa juzi, na mwenzake wa miaka 90 aliyekauka haraka akampita. Lebo haisemi njia ya kuua. Kilichobaki ni kupima.

Kupima kunafanywa kwa rangi inayong'aa inaposhikana na DNA, si kwa kunyonya mwanga wa nanomita 260. Melanini ya gamba hunyonya mwanga huo huo, na kipimo kinapanda bila DNA kuwepo. Rangi ya kahawia ikionekana kwenye kichupa cha mwisho, safisha tena kwa shanga za sumaku kabla ya hatua inayofuata. Melanini huzuia vimeng'enya.

Kila kundi la vichupa lina kichupa kimoja kisicho na mdudu, kinachopita hatua zote hadi kusomwa. Hakiachwi njiani kwa sababu tu kipimo chake ni sifuri.

Septemba. Maktaba

Hesabu kwanza. Jenomu ya kiini ya ndugu yake N. vespilloides, iliyochapishwa mwaka 2015, ni kama besi milioni 195. Tukisoma jozi milioni 10 za besi 150 kila upande tunapata besi bilioni 3. Sehemu ya mitokondria ikiwa asilimia 0.5 tu ya hizo, ni besi milioni 15, na kwa mduara wa besi 16,500 hiyo ni kina (idadi ya mara kila besi inaposomwa) cha karibu mara 900. Ni zaidi ya mahitaji. Ziada hiyo inatufaa kwa jambo jingine: nakala za mitokondria zilizohamia kwenye kiini zitasomwa kwa kina cha mara 15 hivi, na pengo kati ya 15 na 900 halina utata.

DNA ya siku hizi inakatwa kwa mawimbi ya sauti hadi wastani wa besi 350, nanogramu 50 kwa maktaba, mizunguko 6 ya PCR. Kwa vidole vyenye DNA kidogo tunakwenda hadi 9. Fahirisi, mifuatano mifupi ya kutambulisha sampuli, ni mbili za pekee kwa kila sampuli, maana fahirisi zinazoshirikishwa huruhusu vipande vichache kuruka kutoka sampuli moja hadi nyingine ndani ya mashine, na utitiri tuliousoma kwa makusudi ungeonekana kwenye sampuli safi.

DNA ya makumbusho haikatwi. Tayari ni vipande vya besi 50 hadi 150. Tatizo lake ni shanga za kusafishia. Kipande cha besi 60 kikishaunganishwa na viunganishi (vipande vya DNA vinavyobandikwa kwenye ncha) kinakuwa na besi karibu 190, na viunganishi vilivyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe ni kama 125. Uwiano wa shanga wa 0.9 unaofaa kwa maktaba ya kawaida unamwaga kilele chote cha sampuli ya zamani. Tunatumia 1.2, tunapima kwenye mashine inayopima urefu wa vipande, na kilele cha 125 kikiwa bado kirefu tunarudia usafishaji huo huo badala ya kupunguza uwiano.

Kila mguu wa makumbusho unapata maktaba mbili. Moja inatibiwa kwa kimeng'enya cha UDG kinachoondoa urasili, ambayo ni sitosini iliyooza. Hiyo ndiyo ya kuunganishia. Nyingine haitibiwi, inasomwa kidogo tu, ili tuone kama C inasomwa T kwa wingi mwanzoni mwa vipande na G inasomwa A mwishoni. Alama hiyo ni ushahidi kwamba DNA ni ya zamani kweli. Kukiwa na mfuatano mzuri lakini ncha hazina uharibifu wowote, mtuhumiwa wa kwanza ni uchafuzi wa siku hizi.

Jambo moja linasahaulika sana katika jenomu zenye A na T nyingi: atakayekata vipande kwenye jeli asiyeyushe jeli kwa nyuzi 50. Joto hilo linatenganisha nyuzi za vipande vyenye A na T tupu na kuvifanya visishike kwenye kichujio. Jeli iyeyuke kwa joto la chumba, taratibu.

Oktoba. Kuunganisha

Usafi wa data unafanywa kwa programu ya fastp, pamoja na kukata mikia ya G. Mashine zenye rangi mbili husoma kimya kuwa G, kwa hiyo kipande kifupi kikiisha mashine inaandika GGGG hadi mwisho. Kwenye maktaba za makumbusho mikia hii ni mingi.

Kuunganisha ni kwa programu ya GetOrganelle, hazina ya animal_mt (mitokondria za wanyama), urefu wa k (vijipande vya kulinganishia) wa 21, 45, 65, 85 na 105, raundi 10. Mara ya pili ni kwa NOVOPlasty, ikianzia kwenye cox1. Programu hizi mbili zina mbinu tofauti, na zinapokubaliana herufi kwa herufi katika jeni zote 37 tunasonga. Zinapotofautiana, karibu kila mara ni kati ya jeni za rrnS na trnI, yaani eneo la udhibiti, lisilo na jeni.

Kabla ya kufurahia mduara wowote, data yote inalinganishwa na kapu la cox1 tuliloliandaa: mbawakawa mwenyewe, spishi nyingine za Nicrophorus wanaoingia mtego ule ule, Poecilochirus wetu, panya, kuku, binadamu. Vipande vya kila mmoja vinahesabiwa. Sampuli yenye zaidi ya asilimia 1 ya vipande vya cox1 visivyo vya mbawakawa inarudi kwenye hadubini, ikiwa kuna kidole kilichobaki. Kwa vidole vya mbawakawa hai panya hujitokeza kidogo, utitiri mara chache. Misuli ya kifua ni safi.

Kisha ramani. Vipande vyote vinarudishwa juu ya mduara kwa programu ya bwa na kina kinachorwa besi kwa besi. Mstari unapaswa kuwa wa mawimbi madogo. Mahali panapopanda ghafla mara mbili na kushuka, mara nyingi kuna marudio yaliyobanwa kuwa nakala moja. Hili ndilo linalotupa wasiwasi kuliko yote: programu hufunga mduara kirahisi zaidi pale ilipokosea. Marudio matano yakibanwa kuwa moja, ncha zinakutana vizuri, mchoro wa programu ya Bandage ni duara zuri lisilo na tawi, na urefu uliopatikana ni wa uongo. Kwa hiyo hakuna urefu wa jumla unaoandikwa kwenye jedwali letu kwa sasa. Tunaandika urefu wa sehemu iliyothibitika, kutoka trnI hadi mwisho wa rrnS, na kuacha nafasi tupu kwa iliyobaki.

Kidokezo cha pembeni: data hii hii imetafutwa pia jeni za Wolbachia. Bakteria huyo hurithiwa kwa mama sambamba na mitokondria, na akienea katika kundi huburuta ukoo mmoja wa mitokondria hadi wengine wapotee. Anayekuta utofauti mdogo bila kumtafuta Wolbachia anaweza kusema kundi lilipungua sana, kumbe halikupungua.

Novemba. Kubainisha jeni

Programu ni MITOS2, kwa msimbo wa jenetiki namba 5, wa wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukiacha msimbo wa kawaida, TGA inasomwa kuwa kituo cha protini badala ya asidi amino ya triptofani na protini zinakatika katikati.

Matokeo ya programu ni rasimu. Yanayorekebishwa kwa mkono karibu kila mara ni haya. Mwanzo wa cox1 haupo kwenye ATG. Kwa mbawakawa wengi ni kodoni (besi tatu zinazotaja asidi amino moja) ya asparajini, AAT au AAC, mara baada ya trnY, na programu huruka mbele kutafuta ATG au ATA iliyo ndani ya jeni. nad1 huanza kwa TTG kwa wengi. Jeni kadhaa za protini huishia kwenye T au TA pekee na kituo kinakamilishwa na mkia wa A kwenye RNA, kwa hiyo usiisogeze mipaka hadi ndani ya jeni inayofuata ya tRNA (RNA inayobeba asidi amino) ili tu upate TAA kamili. atp8 na atp6 hupishana besi 7, ATGATAA. Nad4 na nad4l hupishana besi 7 vilevile, ATGTTAA. Ukikuta jozi hizo hazipishani, tazama kama kuna besi iliyoongezeka au kupotea.

trnS1, jeni ya tRNA, inahitaji jicho. Haina mkono wa D, hivyo programu zinazotafuta umbo kamili la jani huikosa, na katika mbawakawa wa kundi la Polyphaga antikodoni yake (besi tatu zinazolingana na kodoni) ni TCT badala ya GCT ya wadudu wengi. Kati ya trnS2 na nad1 kuna nafasi fupi yenye TACTA, inayodhaniwa kuwa pa kushikia protini ya kusimamisha unukuzi. TACTA isipokuwepo, rudi kwenye vipande ghafi kabla ya kuandika kwamba mdudu huyu ni wa kipekee.

Kwa nakala zilizohamia kwenye kiini kipimo chetu ni hiki: jeni 13 za protini zisiwe na kituo katikati, mabadiliko kati ya sampuli yawe mengi kwenye nafasi ya tatu ya kodoni, na kina kiwe cha mitokondria. Kipande kinachofeli lolote kati ya hayo kinawekwa kando.

Mpangilio wa jeni ni ule wa asili wa wadudu. Hakuna la kuongeza hapo.

Desemba. Eneo la udhibiti

Praima, vipande vifupi vya kuanzishia PCR, ziko ndani ya rrnS na nad2, sampuli ni misuli ya kifua. PCR ya kawaida yenye nyuzi 72 za kurefusha haitoi kitu: nyuzi zenye A na T karibu tupu huachana kwenye joto hilo kabla ya kimeng'enya kumaliza. Kurefusha kunafanywa kwa nyuzi 60, dakika 1 na nusu kwa kila besi 1,000, mizunguko 30. Jeli ikionyesha ngazi ya mistari iliyopishana kwa umbali sawa badala ya mstari mmoja, kimeng'enya kinateleza kwenye marudio. Kupunguza mizunguko hadi 24 na kuongeza DNA ya kuanzia kunapunguza ngazi hiyo, hakuiondoi.

Kwa sababu hiyo bidhaa ya PCR haitoshi kuamua idadi ya marudio. Tunasoma DNA nzima, isiyopitia PCR, kwa nanopore, mashine inayosoma molekuli ndefu, kutoka kwenye misuli ya kifua, mikrogramu 1 ya vipande vya besi 10,000 na zaidi. Kinachohesabika ni molekuli zinazoanzia ndani ya rrnS upande mmoja na kufika nad2 upande wa pili, bila kukatika. Marudio yanahesabiwa katika kila molekuli kivyake, kabla ya kutengeneza mfuatano wa wastani. Mdudu mmoja anaweza kubeba mitokondria yenye idadi tofauti, na wastani wa 4 na 6 ni 5 ambayo haipo popote mwilini. Mfululizo mrefu wa T ulio karibu na chanzo cha kunakili hausomwi vizuri na nanopore wala na vipande vifupi, kwa hiyo urefu wake utaandikwa kuwa kadirio.

Kwa vidole na kwa makumbusho eneo hili haliwezekani, na halitaingia kwenye ulinganisho wa Block Island na nyanda za kati. Ulinganisho utatumia jeni 37 pekee, kwa sampuli zenye kina cha angalau mara 20 kila besi baada ya kuondoa nakala zilizojirudia za PCR. Besi isiyofika hapo inaandikwa N.

Yanayosubiri: molekuli ndefu za kutosha kutoka pande zote mbili za uzi, maktaba isiyotibiwa ya miguu miwili ambayo kina chake kinatosha lakini ncha bado hazijapimwa uharibifu, na faili za GenBank, hazina ya umma ya mifuatano ya DNA, ambamo kila mfuatano utabeba namba ya sampuli yake ya makumbusho au ya kibali, na eneo litaandikwa kwa kiwango cha kaunti, bila alama za ramani za mahali mtego ulipowekwa.